MAFUTA YA USO: KILA NGOZI NA YAKE



Kiangazi kimeingia hapa Kivu. Njia ya kupanda masomoni imekuwa mavumbi matupu, maji ya bidoni asubuhi yanauma vidole, na midomo ya wengi imeanza kupasuka. Jioni katika interna, kisha saa ya kujifunza, mazungumzo ni yale yale: «Yaya, weye unapakaka nini? Juu gani weye unang'aa, na miye yananiletea mabutoni?»

Kapita anaulizwa kila kitu, hata kile ambacho hakikuandikwa katika kazi yake. Kwa hiyo nimeona vema kujibu wote mara moja katika gazeti letu, nikifuata yale tunayojifunza katika seksio ya biokemi na yale ambayo waganga wa ngozi wanayakubali.

Neno la kushika ni moja, na mengine yote yanatoka humo: mafuta hayatii maji katika ngozi. Mafuta yanafunga maji yaliyomo ili yasitoke. Anayeelewa neno hili anaweza kuchagua mwenyewe, hata kama ana franka kidogo. Asiyelielewa atanunua bwati kisha bwati, na uso wake utabaki vile vile.

1. NGOZI INAKAUKA NAMNA GANI?

Tabaka la juu kabisa la ngozi ya uso ni jembamba kuliko karatasi ya kaye. Limejengwa kwa seli zilizokwisha kufa, zimepangwa kama matofali ya ukuta. Kati ya matofali hayo kuna mafuta ya mwili wenyewe, nayo yanafanya kazi ya simenti. Maji yanatoka chini, katika sehemu iliyo hai, yanapanda pole pole, kisha yanapotea hewani. Yanapotea mchana na usiku, hata kama hutoki jasho. Simenti ikiwa nzima, maji yanatoka kidogo tu. Simenti ikipunguka, maji yanakimbia: uso unakaza, unaparara, unakuwa na weupe kama wa majivu.

Kwetu vitu viwili vinaiharibu kazi hii. Cha kwanza ni hewa kavu ya kiangazi, inayovuta maji kwa nguvu. Cha pili ni sabuni. Ngozi yetu ina uchachu kidogo, pH yake iko karibu 5. Lakini sabuni ya kipande, ile tunayofulia mashati, pH yake inafika 9 hata 10. Sabuni ile haichagui: inatoa uchafu, na inatoa simenti pamoja nao. Wengi wetu tunasugua uso asubuhi kwa sabuni ya kufulia, tunasugua tena kisha michezo, tunasugua tena kabla ya kulala, halafu tunalaumu mafuta kwamba hayana nguvu.

Asiyeamini afanye jaribio hili, halihitaji laboratware. Ukate kiazi kitamu vipande vitatu vyembamba vinavyolingana. Kipande cha kwanza ukiache vile. Cha pili ukipake mafuta pande zote mara tu kinapokatwa. Cha tatu ukianike kwanza mpaka kikauke kabisa, kisha ndipo ukipake mafuta. Utazame kesho yake. Cha kwanza kimejikunja. Cha pili kimebaki na ubichi zaidi kuliko cha kwanza. Cha tatu kinang'aa vizuri sana, lakini ukikikunja kinavunjika. Kung'aa si kulowana. Anayepaka mafuta juu ya uso uliokwisha kukauka anafunga mlango wakati nyumba iko tupu.

2. UJUE NGOZI YAKO KWANZA

Usichukue mafuta ya rafiki kwa sababu yanamfaa rafiki. Ngozi yake si yako, hata kama mmezaliwa tumbo moja.

Siku ya Posho, wakati hakuna haraka, nawa uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali. Jipanguse kwa kitambaa safi bila kusugua. Usipake kitu chochote. Ungoje saa moja nzima. Kisha ujitazame katika kioo mahali penye mwanga, na ubonyeze karatasi nyembamba ku paji la uso, ku pua, ku kidevu na ku mashavu.

Karatasi ikibaki kavu mahali pote, na uso unakaza ukicheka, una ngozi kavu.

Karatasi ikipata madoa ya mafuta mahali pote, una ngozi ya mafuta. Katika umri wetu hawa ni wengi, maana homoni za ujana zinaamuru tezi za mafuta zifanye kazi sana. Si uchafu, wala si ugonjwa.

Karatasi ikipata madoa ku paji, ku pua na ku kidevu tu, lakini mashavu yanabaki makavu, una ngozi ya mchanganyiko.

Karatasi ikipata kidogo tu, na uso haukazi, una ngozi ya katikati. Umshukuru mama yako, na usiiharibu kwa kujaribu kila kitu kinachopita.

Kuna tena ngozi nyepesi kuudhika. Hii inaweza kuwa kavu au ya mafuta, lakini alama yake ni kwamba inawasha na kuchoma kila ikipakwa kitu kipya, zaidi kitu chenye manukato.

Ngozi inabadilika. Anayekuwa na mafuta mengi wakati wa mvua anaweza kukauka wakati wa kiangazi. Ujipime tena kila majira.

3. MAFUTA TUNAYOYAONA SOKONI

Mafuta ya mimea yote si ndugu. Ndani yake kuna asidi za namna mbalimbali, na kwa ngozi tuangalie hasa mbili: asidi ya linoleiki na asidi ya oleiki. Ya kwanza, ngozi inaitumia katika kutengeneza ile simenti yake. Ya pili inalainisha na inaingia haraka, lakini ikizidi inaweza kulegeza simenti. Kuna uchunguzi uliotangazwa juu ya jambo hili. Huu ni wa karibu: mwaka 2013, huko Uingereza, watu wazima walipakwa mafuta ya mizeituni ku mkono mmoja kwa majuma kadhaa, na wengine kati yao walipakwa tena mafuta ya alizeti ku mkono wa pili. Mizeituni ilionekana kudhoofisha ukuta wa ngozi, alizeti haikuudhuru.

Alizeti, ambayo wengi wetu tunaiita turnesoli. Ya kawaida ina linoleiki nyingi, ni mepesi, na inapatikana katika kila butiki kwa kupikia. Mafuta yale yale ya kupikia yanafaa ku uso, lakini yawe mapya, hayakukaangiwa kitu. Mafuta yaliyokwisha kukaanga samaki au mikate yameharibika kwa moto. Yasikaribie uso wa mtu.

Soya. Nayo ina linoleiki nyingi, inakaribia alizeti.

Karanga. Inalainisha vizuri. Lakini mwenye kuvimba midomo au kuwashwa anapokula karanga asiyapake.

Avoka na mizeituni. Yote mawili yana oleiki nyingi. Yanafaa kwa mtu mzima mwenye ngozi kavu lakini imara, si kwa kila siku ku ngozi inayoudhika. Tena mjue kwamba avoka iliyopondwa si mafuta ya avoka: ni chakula, na kesho yake inaoza.

Nazi, na mafuta ya kokwa za ngazi. Haya mawili ni kama mapacha: yanaganda asubuhi ya baridi na kuyeyuka mchana. Yanafaa sana mikono, miguu na nywele. Ku uso wa kijana mwenye mabutoni, mara nyingi yanaziba vitundu.

Siagi ya kakao, ya kakao kama ile inayolimwa upande wa Beni, ni nzito. Nzuri ku visigino na ku viwiko. Ku uso ni kwa ngozi kavu tu.

Karite inatoka katika mti unaomea Afrika ya magharibi mpaka kaskazini ya Uganda, na hata kaskazini-mashariki ya inchi yetu. Ni nzito kidogo, inafaa ngozi kavu.

Mawese mekundu, kama yale yanayotoka Fizi. Rangi yake nyekundu ni karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A. Lakini ku uso yanaacha rangi, yanachafua kola ya shati, na ya sokoni yana takataka. Mawese kazi yake iko tumboni, pamoja na sombe.

Vazelini si ya mmea. Inatoka katika petroli iliyosafishwa, na Mmarekani Robert Chesebrough aliipatia hati mwaka 1872. Watu wengi wanaidharau kwa sababu ni ya bei ndogo, kumbe inazuia maji kutoka kuliko mafuta yote niliyoyataja. Haina lishe yoyote kwa ngozi, lakini inafunga mlango barabara.

Glisirini. Sokoni inakaa pamoja na mafuta, lakini si mafuta, maana inachanganyika na maji. Kazi yake ni kuvuta maji na kuyashika. Ikipakwa peke yake katika hewa kavu, inanata na inaweza kuvuta maji ya ngozi yenyewe. Kwa hiyo uichanganye na maji: kijiko kimoja cha glisirini kwa vijiko vinne vya maji yaliyochemshwa na kupoa. Utengeneze kidogo kidogo, isikae siku nyingi. Paka hiyo kwanza, na mafuta juu yake. Glisirini inaleta maji, mafuta yanafunga. Wawili hao wakifanya kazi pamoja, ndipo uso unapona.

4. SASA, KILA MMOJA ACHAGUE

Mwenye ngozi kavu: punguza sabuni kwanza. Asubuhi maji matupu yanatosha. Sabuni iwe jioni tu. Upake glisirini yenye maji, kisha alizeti au karite. Usiku, mahali panapopasuka, ongeza vazelini kidogo sana. Ku midomo, vazelini peke yake. Usilambe midomo, mate yanakauka haraka na kuzidisha kupasuka.

Mwenye ngozi ya mafuta: pengine huhitaji mafuta yoyote. Wengine wanafikiri wakinawa mara tano kwa siku tezi zitachoka. Hapana. Tezi haziogopi sabuni, zinafuata homoni. Nawa mara mbili, asubuhi na jioni, na tena ukitoka jasho katika michezo. Kama uso unakaza kisha kunawa, badilisha sabuni kwanza. Ikibaki vile, paka matone mawili ya alizeti, si zaidi. Nazi, kakao na mafuta ya kokwa za ngazi uyaache kwa miguu.

Mwenye mchanganyiko: hakuna sheria inayosema uso wote upakwe sawasawa. Paka ku mashavu, uache paji, pua na kidevu.

Mwenye ngozi inayoudhika: chagua kitu chenye jina moja tu, bila manukato. Kabla ya kupaka ku uso, jaribu kidogo ku kiwiko upande wa ndani, mara mbili kwa siku, siku tano. Hakuna kuwasha, hakuna wekundu wala weusi mpya, basi uendelee. Limau usilipake kamwe: maji yake yakikutana na jua yanachoma ngozi na kuacha mabaka. Dawa ya meno nayo si dawa ya mabutoni.

Mwenye mabutoni, ambayo vitabu vinaita chunusi: mafuta hayaponyi mabutoni. Butoni linaanza wakati kitundu kinapozibwa na mafuta na seli zilizokufa, kisha vijidudu vinaongezeka humo. Ukilikamua kwa kucha, unasukuma uchafu ndani, na ku ngozi nyeusi alama inakaa miezi mingi. Kuna dawa za kweli katika farmasi na katika kituo cha afya, kwa mfano peroksidi ya benzoili. Uulize muuguzi namna ya kuitumia.

Na wakaka wenye kupaka pomadi nyingi ku nywele, haya ni yenu. Mwaka 1970 waganga wa ngozi wa Marekani waliandika juu ya mabutoni yanayojipanga ku paji la uso na pembeni, karibu na nywele, kwa watu weusi waliotumia pomadi nzito ya nywele. Walikuta pomadi inateremka na kuziba vitundu. Kama mabutoni yako yamejipanga pale tu, usitafute mafuta mapya ya uso. Punguza ile ya kichwa, na ufue foronya ya mto.

5. NAMNA YA KUPAKA

Nawa mikono kwanza. Wengine wanasahau hili, nao ndio wanaotia kidole katika bwati ya chumba kizima.

Nawa uso kwa maji ya vuguvugu kama yanapatikana. Maji ya moto sana yanatoa simenti. Jipanguse kwa kugusa, uso ubaki na unyevu. Usitembee kwanza, usiende kwanza kutafuta viatu. Ndani ya dakika mbili tatu, wakati ngozi ingali na maji, tia matone matatu hata matano katika kiganja, sugua viganja viwili pamoja, kisha uvibonyeze ku uso pole pole. Usivute ngozi. Ukiona uso unang'aa kama sufuria, umezidisha. Panguza yaliyozidi, maana mavumbi ya njia yatakuja kukaa juu yake.

Tupige hesabu. Mililita moja ina karibu matone 20 mpaka 30. Ukitumia matone 5 asubuhi na 5 jioni, yaani 10 kwa siku, hufiki nusu ya mililita moja, au unaifikia tu. Chupa ndogo ya dawa ya mililita 60 inakutosha miezi minne au zaidi, kupita trimestre nzima. Mtu anayemaliza chupa hiyo kwa majuma mawili halishi ngozi yake, analisha shuka na kola.

Uchague chupa ndogo, safi, iliyokauka kabisa ndani, na kama inawezekana yenye rangi ya giza. Uiweke mbali na jua na moto. Mafuta yanazeeka kwa hewa, mwanga na joto. Yakianza kunuka kama karanga zilizooza au rangi ya kupaka ukuta, usiyaonee huruma. Na kila mtu awe na chupa yake: kushiriki chakula ni upendo, lakini kushiriki bwati ya uso ni kushiriki vijidudu.

Jambo lingine: mafuta hayazuii jua. Wenzetu wenye ualbino wasidanganywe na mtu kwamba alizeti au nazi inatosha. Wao wanahitaji kofia pana, mikono mirefu, kivuli, na krema ya jua yenye alama ya 30 au zaidi. Sisi wengine tunaopanga mistari na kushika mahali pa kusimama uwanjani tuwaachie upande wa kivuli. Hilo halina bei.

6. CHUPA INAYOAHIDI RANGI

Sasa neno ambalo limenifanya nisingoje trimestre inayokuja.

Kuna chupa na bwati zinazotembea katika vyumba, nyingine bila etiketi yoyote. Zinaitwa «mafuta ya kulainisha», «mafuta ya kusafisha uso», «mafuta ya harusi». Wanauza kwa siri na kusema: «Paka siku kumi na ine tu, utaona.» Mwenzetu mmoja alipaka. Kweli, mwanzo uso ulikuwa laini. Kisha mashavu yalianza kuwaka moto kila akisimama juani, na sasa yana mabaka. Jina lake halihitajiki hapa. Alisema tu: «Uandike, ili wengine wasipite pale.»

Wandugu, mafuta ya kweli hayana rangi ya kumpa mtu. Alizeti, karite, vazelini, hakuna hata moja inayogusa melanini, ile rangi inayotulinda na jua. Mafuta yakibadilisha rangi ya uso wako, basi ndani yake mna kitu kingine, na kitu hicho mara nyingi ni kimoja kati ya vitatu.

Cha kwanza ni hidrokinoni. Ku etiketi tafuta neno linaloanza na herufi H, Y, D, R, O. Ikitumiwa muda mrefu, inaweza kuleta mabaka meusi ya buluu ambayo ni vigumu sana kuondoa. Madaktari wa Afrika ya Kusini waliyaandika mabaka hayo mwaka 1975, na inchi ile ilikataza hidrokinoni katika krema za urembo mwaka 1990. Umoja wa Ulaya ulifanya vile mwaka 2001. Kwa jirani zetu wa Rwanda, serikali ilianza kuziondoa krema hizo sokoni kwa nguvu mwisho wa mwaka 2018.

Cha pili ni zebaki, kwa Kifaransa merkiri. Inapita katika ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013, yaliyopewa jina la mji wa Japani ambako watu wengi walilemazwa na zebaki iliyotupwa baharini, yaliamuru krema zenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni ziishe mwaka 2020.

Cha tatu ni dawa kali za kundi la kortizoni, kama klobetasoli na betametasoni. Ni dawa za kweli, mganga anaziandika kwa ugonjwa fulani na kwa siku chache. Zikipakwa kila siku ku uso mzima, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, mabutoni yanajaa, na siku ukiacha uso unawaka zaidi. Ndiyo maana muuzaji anapata wateja wasioweza kuondoka.

Aliyekwisha kuanza asione haya, wala asicheke mtu mwingine. Aende kituo cha afya na bwati ile mkononi, aonyeshe, aulize namna ya kuacha. Na sisi tusiwasifu wenzetu kwa maneno kama «umetakata siku hizi». Maneno hayo ndiyo yanayouza zile chupa.

7. WAKATI MAFUTA SI KAZI YAKE

Kuna mambo ambayo watu wanayapaka mafuta juu, kumbe yanangoja muuguzi.

Kuwasha kwa usiku kati ya vidole, ku kiuno na ku makwapa, na jirani wa kitanda naye anajikuna: huo ni upele, unatibiwa kwa chumba kizima pamoja.

Duara lenye ukingo wa magamba linalopanuka: pengine ni choa, fangasi wa ngozi.

Vipele vidogo vinavyofanana vyote, vinavyowasha, ku paji na ku kifua, vinazidi kila ukipaka mafuta: pengine ni fangasi wengine wanaokula mafuta yenyewe. Acha mafuta kwanza, uende kuonekana.

Baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa unyoya husikii kitu: usilifiche hata siku moja. Linaweza kuwa ukoma, ambao haujaisha katika inchi yetu, lakini unapona kabisa kwa dawa, na dawa zile zinatolewa bila malipo. Akichelewa mtu, mishipa ndiyo inayoharibika.

Basi, kabla ya kutoa franka zako mbele ya meza ya muuzaji, ujiulize maulizo matatu. Ngozi yangu ni ya namna gani? Ndani ya chupa hii mna nini, na jina lake limeandikwa? Je, inaniahidi unyevu, au inaniahidi rangi? Muuzaji asiyeweza kujibu la pili, usijibu la tatu. Rudisha chupa mezani na uende zako.

Mwenye ulizo aliandike ku karatasi, bila jina kama anaona haya, na kulitia katika sanduku la gazeti karibu na mlango wa biblioteki. Yale ninayoweza nitayajibu katika namba inayokuja; yanayonipita nitayapeleka kwa muuguzi wa masomo. Na walio zamu ya maji wiki hii wakumbuke kwamba bidoni moja ya maji ya vuguvugu asubuhi, kwa wadogo wa mwaka wa kwanza, inasaidia ngozi zao kuliko bwati yoyote.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, seksio ya biokemi